Jinsi ya kupanga droo ya makorokoro, hatua kwa hatua

Maswali ni yaleyale kila mara. Nianzie wapi? Ninunue vigawanyio vya plastiki au vya mbao? Mbona nikiipanga droo Jumamosi, ikifika Jumatano imeshakuwa shaghala baghala tena? Nimeamua kuyajibu yote hapa kwa mpigo mmoja, ili nikiulizwa tena niwe na pa kukuelekeza.

Tunazungumzia ile droo moja ambayo karibu kila nyumba inayo: betri, funguo zisizojulikana ni za wapi, risiti, rababendi, waya ya simu iliyokwisha kufa, bisibisi, na rundo la kalamu ambazo nusu yake haziandiki. Kuwa na droo ya namna hiyo si aibu. Vitu vidogo lazima vikae mahali. Ubaya unaanza pale inapogeuka pa kufichia kila ulichoshindwa kukiamulia, ukaisukuma kwa nyonga mpaka ikafunga.

Msimamo wangu nautoa mapema: vigawanyio huja mwisho. Anayeanza kwa kununua vigawanyio huishia kuzipanga takataka zake vizuri.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Muda wa saa moja na nusu hivi bila kukatizwa. Kama una dakika ishirini tu, usiimwage droo leo.
- Shuka kuukuu la rangi nyeupe au ya kung'aa, la kutandaza kitandani au sakafuni. Kwenye shuka la maua, skrubu ndogo huzioni.
- Maboksi au mifuko minne.
- Selotepu ya karatasi, ile wanayotumia mafundi rangi, na kalamu ya wino mzito. Selotepu hii huandikika na hubanduka bila kuacha gundi.
- Rula au futi ya kupimia, na mkasi.
- Kitambaa, maji na sabuni kidogo.
- Tochi au rimoti unayojua ni nzima, kwa ajili ya kupimia betri.
- Vyombo vidogo vitupu vilivyomo nyumbani tayari: maboksi ya simu, vifuniko vipana, boksi za kibiriti, vikopo vya mafuta ya kujipaka vilivyooshwa. Dukani usiende kwanza.

Hatua ya 1: Ipe droo kazi

Chukua kipande cha karatasi, andika sentensi moja: "Droo hii ni ya…" Malizia mwenyewe. Inaweza kuwa ya matengenezo madogo ya nyumbani. Inaweza kuwa ya kuandikia na kufungashia. Inaweza kuwa ya vitu unavyovichukua ukiwa unatoka nje. Kama ni droo pekee uliyonayo, ipe kazi mbili, zisizidi hapo.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika "vitu mbalimbali". Hiyo ndiyo kazi inayofanya sasa hivi, na umeona ilikokufikisha.

Karatasi hiyo iweke mbele yako. Utaitazama mara nyingi kuliko unavyodhani, hasa utakapoanza kukitetea kitu ambacho hujakigusa tangu ukinunue.

Hatua ya 2: Toa kila kitu

Kwanza ondoa kwa mkono vyenye makali na vya kuvunjika: nyembe, visu vya kukatia karatasi, sindano, balbu. Kisha itoe droo yenyewe kwenye reli zake. Reli nyingi za chuma zina kiulimi cha plastiki kila upande. Ivute droo mpaka mwisho, bonyeza viulimi vyote viwili kwa pamoja (mara nyingi kimoja huenda juu na kingine chini), halafu vuta. Droo za kizamani hutoka kwa kuvuta mpaka mwisho na kuinua upande wa mbele. Ikikataa, usilazimishe, iache ilipo na uchote vilivyomo kwa mikono.

Mwaga vyote juu ya shuka. Vyote kabisa.

Usichambue vitu vikiwa bado ndani ya droo. Ndicho wanachofanya wengi: wanatoa vitatu, wanasogeza vitano, wanafunga. Kitu kikiwa ndani kinaonekana kama kiko kwake, na kukiondoa ni kama unamfukuza mpangaji. Kikiwa juu ya shuka, lazima wewe ndiwe ukirudishe kwa hiari yako. Tofauti ni kubwa.

Hatua ya 3: Safisha

Kung'uta, futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kilichokamuliwa vizuri, kagua pembeni kama kuna vifuko vya mayai ya mende (vidogo, vya kahawia, kama punje), acha ikauke kabisa. Futa na reli. Reli za mbao zikikwaruza, zisugue kwa mshumaa au kipande cha sabuni kikavu, droo itateleza. Ikikauka ndipo utandike karatasi chini yake, ukipenda.

Hatua ya 4: Chambua

Hapa ndipo kwenye kazi yenyewe. Andika majina manne kwenye maboksi yako: INABAKI, INAHAMA, INATOKA, SIJUI. Inabaki ni kile kinachofanya kazi uliyoiandika katika hatua ya 1. Inahama ni kitu kizuri kilichokosea nyumba: sindano ya kushonea, kibanio cha nywele, dawa. Inatoka ni takataka na vya kugawa. Sijui ni sijui, ila iwe na mpaka: boksi likijaa, halipanuliwi. Nyaraka na funguo haziingii humo kamwe. Hizo ziamulie leo.

Okota kimoja kimoja, ukianza na vikubwa. Usijiulize kama kitu "kinaweza kufaa siku moja", maana hakuna kisichoweza. Jiulize: siku nikikihitaji, nitakumbuka kwamba ninacho? Kama hutakumbuka, utanunua kingine, na hiki cha droo kitakuwa kimekaa bure.

Kuna vitu ambavyo watu hukwama navyo kila mara. Nitavisema kimoja kimoja.

*Betri.* Usirudishe hata moja ambayo hujaipima. Itie kwenye ile tochi au rimoti. Ukiwa na mita ya fundi umeme, betri mpya ya kawaida ya rimoti husoma volti 1.5 au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 1.2, imechoka. Zile za kuchaji ni volti 1.2 kwa kawaida yake, kwa hiyo usizihukumu kwa kipimo hicho. Kuna wanaoziangusha mezani kuona kama zinadunda. Ni kweli betri iliyotumika hudunda zaidi ya mpya, lakini hata iliyobakiwa na nguvu nyingi hudunda, hivyo usitupe kwa ushahidi huo peke yake.

Betri ya mraba ya volti 9 ina vichwa vyote viwili upande mmoja. Ikigusana na ufunguo, sarafu au pini ndani ya droo, umeme hupita hapo na inaweza kuwasha moto. Zibe vichwa vyake kwa selotepu, hata kama unaipeleka kutupwa. Zile bapa za duara, za ukubwa wa kitufe cha shati, zisikae kwenye droo ambayo mtoto anaifikia: akimeza moja inaweza kumchoma koo vibaya ndani ya saa 2. Zinakaa juu, kwenye pakiti yake au zimefungwa kwa selotepu. Betri yenye unga mweupe imevuja. Usiishike kwa mkono mtupu. Palipovujia pafute kwa kitambaa chenye siki kidogo, kisha pakauke. Na betri ya simu iliyovimba usiibonyeze, usiitoboe, wala usiitie kwenye pipa la kawaida. Iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, uipeleke wanakopokea taka za umeme.

*Waya na chaja.* Chomeka kila moja, uone. Inayochaji ukiwa umeishikilia kwa pembe fulani imekufa, hata kama leo imekubali. Nzima ifungie kipande cha selotepu karibu na kichwa, ubandike pande mbili za selotepu zikutane kama kibendera, uandike ni ya nini: "kamera", "redio", "spika". Chaja zenye kichwa cha duara ndizo za kuwa nazo makini, kwa sababu kichwa kuingia hakumaanishi kwamba umeme wake unafaa. Soma maandishi madogo: volti lazima zilingane na za kifaa, ampia ziwe sawa au zaidi, na alama ya chanya na hasi ifanane. Chaja ambayo kifaa chake hakipo tena nyumbani haina cha kusubiri. Na za aina moja zikiwa sita, bakiza mbili.

*Funguo.* Zizungushe nyumba nzima: milango, makabati, makufuli, masanduku, baiskeli. Mali bila daftari hupotea bila habari, na funguo ndizo zinazoongoza. Kila ufunguo uliopata mwenyewe uandikwe, lakini usiandike anwani wala "mlango wa mbele". Tumia alama ya rangi au herufi unayoijua wewe; ufunguo ukidondoka njiani usimwambie aliyeuokota pa kwenda. Zisizofungua chochote zitie kwenye bahasha moja, andika tarehe ya leo, waonyeshe watu wa nyumbani. Baada ya miezi sita bila mwenyewe, ni chuma chakavu.

*Karatasi.* Risiti nyingi za mashine haziandikwi kwa wino bali kwa joto, na ndiyo maana zinafifia zikikaa penye joto au mwanga. Ya kitu chenye waranti ipige picha leo, kisha nakala yenyewe iambatishe na karatasi ya waranti. Zote mbili zinahamia kwenye faili, si droo hii. Vitabu vya maelekezo vya vifaa ambavyo huna tena, toa.

*Laini za simu na flashi.* Laini ya zamani usiitupe kabla hujahakikisha kwamba namba yake haijaunganishwa na akaunti ya benki, barua pepe au kitu chochote kinachokutumia namba za siri. Flashi na kadi za kumbukumbu zifungue uone kilichomo kabla ya kumpa mtu. Ni kazi ya dakika chache, na watu huiruka.

*Dawa.* Hazikai hapa. Zilizopita tarehe uliza duka la dawa kama wanazipokea. Nzima ziende panapofungwa, pakavu, mbali na watoto.

*Vidogo vidogo.* Kalamu, ichore miduara kadhaa, isipoandika, iende. Rababendi inayonata au kukatika ukiivuta imeoza. Gundi kali iliyofunguliwa zamani, minya kidogo. Ikiwa imegeuka jiwe, hakuna utundu utakaoifufua. Skrubu na misumari ya kuokota bakiza kiganja kimoja. Wembe wa kutupa ukunje ndani ya kipande cha boksi gumu, uzungushie selotepu, ili anayebeba taka asikatwe.

Onyo moja kabla hujaendelea: cha mtu mwingine usikitoe bila kumuuliza. Ukishatupa kitu kimoja cha mwenzako kwa jina la usafi, hatakuachia tena uguse droo yoyote, na atakuwa na haki.

Hatua ya 5: Maliza maboksi mengine kwanza

Usirudishe kitu kwenye droo kabla hujashughulikia haya. Vya INAHAMA vipeleke sasa, kila kimoja mpaka mahali pake. Ukiviacha kwenye mfuko nyuma ya mlango, umetengeneza droo ya pili. Vya INATOKA vifungwe na vitoke mlangoni. Boksi la SIJUI lifunge kwa selotepu, andika juu tarehe ya miezi mitatu mbele, liweke usipolikanyaga. Usiandike kilichomo. Kitakachohitajika utakikumbuka mwenyewe.

Hatua ya 6: Panga makundi kwa matumizi

Vilivyobaki vipange juu ya shuka kwa makundi. Wengi hupanga kwa kufanana: vya chuma huku, vya plastiki kule. Droo inakuwa nzuri kutazama, lakini kila kazi inakulazimu kupekua sehemu tatu. Panga kwa kuuliza: nikifanya kazi fulani, navichukua vipi pamoja? Mkasi, selotepu na kamba ni kundi moja, kwa sababu ni kazi moja ya kufungasha. Bisibisi, futi na skrubu ni kundi jingine. Tochi inakaa na betri zake.

Makundi matano au sita yanatosha droo ya kawaida. Ukiona una kumi na mbili, rudi ukasome ile sentensi yako.

Hatua ya 7: Pima, ndipo utafute vyombo

Pima ndani ya droo, si nje: upana, urefu wa kwenda nyuma, na kimo. Kimo ndicho kinachowaumbua wengi. Usikipime kwa kuta za droo tu. Tazama ubao au chuma kinachopita juu ya mdomo wake, kwa sababu hicho ndicho kitakachokwaruzana na vyombo wakati wa kufunga. Toa sentimita moja kwenye kila kipimo. Kama nafasi ni upana 38, urefu 45 na kimo 9, vyombo vyako kwa jumla visizidi 37 kwa 44, na hakuna kinachopita 8 kwenda juu.

Sasa vipange vile vyombo vyako vitupu. Boksi la simu na kifuniko chake ni vyombo viwili vyenye kuta imara. Boksi za kibiriti zinafaa pini na skrubu. Panapobaki pengo, tengeneza kigawanyio mwenyewe: kata vipande viwili vya boksi gumu vyenye kimo cha vyombo vyako. Kila kimoja kichane katikati mpaka nusu ya kimo chake, kimoja kutokea juu, kingine kutokea chini. Vichomeke vikingamane. Una vyumba vinne, na hukutoa hata senti.

Tumia mpango huo kwa wiki mbili au tatu. Ukiona umekukaa, hapo nenda kanunue vigawanyio vya kudumu ukiwa na vipimo mkononi. Mimi binafsi sioni haja, lakini wapo wanaopenda kuona mbao.

Hatua ya 8: Rudisha

Vya kila siku vikae mbele, theluthi ya kwanza ya droo, unapofikia bila kuivuta yote. Vya mara moja kwa mwezi viende nyuma. Vizito viwe chini. Usipange tabaka mbili: kilicho chini ya kingine kimezikwa, na siku utakayokitafuta ndiyo siku droo itakayovurugika upya. Vyenye ncha vielekee nyuma, mkono ukiingia bila kutazama usichomwe.

Acha chumba kimoja kitupu. Kitajaa tu, lakini kikijaa utajua, na kitakuwa kimejaa chenyewe badala ya kumwagikia majirani. Hicho ndicho pa kutupia kitu unapoingia una haraka. Mara moja kwa wiki kimwage ukipangue.

Mwisho, bandika selotepu yenye jina chini ya kila chumba, ndani, ili chombo kikitolewa maandishi yabaki yakionekana. Kisha waite unaoishi nao, wafungulie, waone. Dakika moja inatosha.

Ikikusumbua

*Droo imekwama, haifunguki.* Kuna kitu kimesimama kikagonga juu. Usiivute kwa nguvu, utang'oa mshikio. Ivute kadiri inavyokubali, ingiza rula bapa kwenye uwazi wa juu, ipeleke pole pole kushoto na kulia mpaka iguse kilichosimama, kisha kilaze. Kama kuna droo nyingine juu yake, itoe hiyo uingize mkono kutokea juu.

*Vyombo vinateleza kila nikifungua.* Vimeacha pengo. Kunja karatasi nene uichomeke nyuma kabisa kati ya chombo cha mwisho na ukuta wa droo, au weka kipande kidogo cha selotepu ya pande mbili chini ya vyombo vya mbele.

*Inanuka.* Itoe ikapigwe upepo siku nzima kivulini. Jua kali la muda mrefu hupinda mbao. Harufu ikibaki, weka kipande cha mkaa kwenye kikopo kilicho wazi kwa siku chache. Ikirudi tena, tafuta unyevu nyuma ya kabati.

*Vyote vinafaa na havienei.* Basi droo ina kazi nyingi kuliko nafasi. Ondoa kundi moja zima, lipe boksi lake mahali pengine. Kupunguza kidogo kidogo kila kundi hakusaidii. Utabaki na makundi sita yaliyokosa kitu kimoja kimoja.

*Wenzangu hawarudishi vitu mahali pake.* Kabla ya kulalamika, tazama kama mahali pake panafikika. Mkasi uliowekwa nyuma, chini ya futi, utaishia juu ya meza hata kama nyumba ni ya watu wenye nidhamu. Sogeza unaochukuliwa sana uje mbele. Usipotokea mabadiliko, punguza vyumba: vitatu vikubwa hufuatwa kuliko vinane vidogo.

*Tarehe ya boksi la SIJUI imefika na bado sijui.* Usilifungue wewe. Ukilifungua, kila kilichomo kitapata sababu ya kubaki. Mpe mwingine wa nyumbani alifungue wewe ukiwa haupo, achomoe kilicho chake na betri kama zimo, kinachobaki kiondoke siku hiyohiyo.